Niletee ya Leo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daftari hili si langu, ni la Sista Rosalia. Yaani kanipa yeye, nesi wa wodi aliyolazwa mke wangu. Kasema kila siku niandike kitu kimoja cha kushukuru, au kilichonichekesha. Kimoja tu, Baba Faith, kitakusaidia. Nikamwambia mimi fundi wa kuchomelea, kazi yangu kuziba matundu ya makontena hapa Changamwe, si kuandika. Akasema basi ziba na hili.

Haya. Eddah ana saratani ya kizazi, wiki ya tatu sasa kitandani. Mama yake akateremka kutoka Kaloleni kuja kumuuguza. Siku ya pili tu akateleza kwenye ngazi za ploti yetu, zilikuwa zimelowa maji ya kufulia. Mfupa wa nyonga umepata ufa. Mwezi mzima asikanyage. Wanaume wanne walimpandisha hadi ghorofa ya pili kwa kiti cha plastiki. Mgeni njoo mwenyeji apone! Sasa nina wagonjwa wawili na chumba kimoja.

Nashukuru kiti hakikuvunjika. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Leo kipo cha kuandika.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Simshiki mkono. Siketi kitandani kwake. Nikifika mlangoni lazima nikohoe kwanza, kwenye chumba ninacholipia kodi mwenyewe. Kulala chini ya dari moja naye ndiyo usiseme. Kwa hiyo nalala nje barazani, kwenye godoro la sponji, na asubuhi wapangaji wananiruka na ndoo zao. Heshima si utumwa, wanasema. Waje walale wao.

Mchana Mwikali, jirani yetu, ndiye anayemwogesha Mama na kumlisha, na yeye ndiye mdomo wetu. Mama akitaka neno kwangu humwambia Mwikali, Mwikali ananiambia. Jioni Mwikali huenda kupikia watu wake. Hapo ndipo pana kazi. Jana jioni nikamtilia Mama chakula, nikakisukuma chini ya pazia la mlangoni kama cha jela. Halafu nasikia:

"Paka, hebu mwambie mwenye nyumba, mchuzi huu una chumvi ya bahari nzima ya Kilindini."

Paka mwenyewe si wetu, ni wa ploti. Nikasema, paka, mwambie mama anisamehe. Paka akatutazama huku na huku, akaanza kujilamba.

Nilipomsimulia Eddah alicheka mpaka akajishika tumbo, machozi yakamtoka, akanipiga kofi mkononi — nyamaza, unaniua. Kisha akasema Mama hajapata kupenda paka maisha yake yote. Nilipokuwa naondoka akaniita. "Kesho niletee ya leo." Nikamuuliza ya leo si nimeshaleta? Akasema ya kesho basi, usinichanganye, mradi uilete ikiwa moto.

Mama hajui ugonjwa wenyewe. Tulimwambia ni uvimbe, umetolewa, Eddah anapumzika.

Alhamisi, 6 Machi

Joto la mwaka huu halina adabu. Ndani ya kontena ukichomelea saa sita ni kama umejitia kwenye jiko na kufunga mlango. Na Ramadhani imeanza, kibanda cha chai cha Bi Nadira hakifunguliwi mpaka jua lizame. Simlaumu. Lakini chai naitaka.

Cha leo: mwenzangu Dishon kafagia kontena moja tupu kabla hatujaliziba, kakuta kiatu kipya kimesahauliwa pembeni. Kimoja. Cha mguu wa kushoto. Cheusi, cha ngozi, kinang'aa. Akakivaa. Mguu wa kulia kabaki na patipati yake ya mpira. Siku nzima anatembea hivyo, kila anayemuuliza anaambiwa mimi nusu tajiri, msinizoee.

Nilimpelekea Eddah. Leo hakucheka kwa sauti, alitabasamu tu. Akafikiri. "Na cha kulia kiko meli gani?" Nikasema sijui. Akasema kuna mtu huko ng'ambo naye leo ni nusu tajiri, na hawajuani.

Nilipenda alivyosema. Nimeandika nisisahau.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna. Eddah alitapika saa nzima ya kuwaona wagonjwa. Nilishika beseni. Binti yetu Faith alipiga simu kutoka Riyadh, tajiri wake hamruhusu kutoka mpaka mkataba uishe, tulilia pande zote mbili na salio likaisha. Sista Rosalia akipita aliniuliza umeandika? Nikamwambia nimeandika hakuna. Akasema hiyo pia andika.

Jumapili, 9 Machi

Kina mama wa kanisa walikuja. Wakaimba, wakaomba, wakamwagia Eddah maji ya matunda kwenye shuka. Mmoja, sitamtaja, akamnong'oneza mwenzake palepale miguuni pa kitanda: cha kufa hakisikii dawa. Nilimsikia. Nilitamani kumpiga na kitabu cha nyimbo, na si cha karatasi, kile chenye jalada gumu.

Walipoondoka nikadhani Eddah hakusikia. Alikuwa kafumba macho. Akasema taratibu, "Ile sauti yake ya kuimba ndiyo haisikii dawa."

Ee Mungu, huyu mwanamke! Nilicheka mpaka wa kitanda cha jirani wakanitazama vibaya. Nikasema nashukuru, nashukuru, nashukuru. Kweli nilishukuru.

Halafu akasema, "Namtaka Mama."

Nikamwambia ngoja apate nafuu. Akafumbua macho. "Nani? Yeye au mimi?"

Jumatatu, 10 Machi

Daktari kaniita kando. Msichana mdogo, anaweza kuwa Faith. Kasema zile dawa kali wamezisimamisha. Zilizobaki ni za maumivu. Nikamuuliza muda. Akasema siku, si wiki. Nikamuuliza siku ngapi, kama mtu anayeulizia vipuri dukani. Akaniambia, kama ana mama, mlete amwone.

Nimerudi kazini. Nimechomelea bamba juu chini. Dishon kalikata lote, kaliweka upya.

Sasa nitamwambiaje Mama? Mkwe hafungui kinywa mbele ya mama mkwe kumwambia mwanao anakufa. Kwetu neno zito baina ya wakwe lina njia yake, linapita kwa mshenga, yule aliyepeleka posa. Wetu ni Mzee Ngowa. Yuko Mariakani, ana umri mkubwa na sikio moja. Simu yake anayo mjukuu. Mjukuu kasema atamfikishia.

Nikamwomba Mwikali aseme yeye. Akatikisa kichwa. "Shemeji, kuogesha nitaogesha. Hilo ni la kwenu. Nikilisema mimi mtasema Mkamba ndiye aliyelileta."

Hana kosa.

Cha kushukuru: Mzee Ngowa bado yu hai.

Jumatano, 12 Machi

Mzee Ngowa alisema atakuja Jumanne. Jumanne mjukuu kapiga, mbuzi kavunjika mguu. Jumatano basi. Leo ndiyo Jumatano, kapiga tena, mzee hapandi gari siku ya mawingu. Mawingu yenyewe sijayaona.

Eddah kauliza, "Mama yuko wapi?" Nikasema yuko njiani. Nimemdanganya! Mama yuko nyumbani nyuma ya pazia, anafuma kofia ya mtoto asiyejulikana ni wa nani, anamwambia paka amwambie mwenye nyumba ampelekee mwanawe salamu, na asisahau uji wa wimbi.

Ngojangoja huumiza matumbo. Najua. Lakini nitafanyaje? Baba yangu alinifundisha mkwe ni kama moto, unauota kwa mbali.

Cha leo: paka kazalia kwenye godoro langu. Barazani! Nimekuta wanne, vipofu, wamelowa, na mama yao kaninunia kana kwamba mimi ndiye mgeni. Mwikali kawahamishia chini ya kitanda cha Mama. Kwa hiyo paka ana nafasi ndani na mimi sina.

Nilimsimulia Eddah karibu na sikio. Midomo ilisogea. "Wangapi?" Wanne. Kisha akasema, "Maskini." Sijajua alikuwa anamsema paka au mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee Ngowa kaja. Kaja na fimbo, na koti, katika joto hili, na papai. Nilimlaki stendi, nikamweleza yote njiani nikimpigia kelele kwenye lile sikio zima, mpaka watu wa Changamwe wote sasa wanajua habari za nyumba yangu isipokuwa Mama. Akasema nimeelewa mwanangu, niachie mimi.

Nikabaki barazani. Pazia likafunguliwa. Nikasikia shikamoo, marahaba, za Mariakani, za Kaloleni, mvua, mahindi, mbuzi. Mbuzi alichukua nusu saa. Mwikali akatia chai. Akatia ya pili. Nikasikia Mama akiuliza, haya Ngowa, umekuja na neno gani? Nikashika ukingo wa baraza.

"Neno ni jema tu," akasema mzee. "Nimekuja kuwajulia hali. Mgonjwa naye tumemwachia Mungu, atapata nafuu."

Sikuamini masikio yangu. Likakatwa lile papai lake, akala, akaaga, akatoka. Nikamshika mkono kwenye ngazi, nadhani nilimshika vibaya. Mzee umefanya nini? Akakaa chini palepale kwenye ngazi. Analia. Mtu mzima, machozi yanaingia kwenye mvi za kidevu.

"Mimi mwanangu nilipeleka habari ya harusi," akasema. "Nilikwenda naimba. Mdomo uleule sasa niutumie kwa hili? Siwezi. Nitozeni faini mnayotaka."

Nikampandisha gari lake. Siwezi hata kumkasirikia. Nimejaribu, sikuweza.

Siku nne nimengojea mzee mwenye sikio moja aje kula papai lake mwenyewe. Ukilitazama vizuri hilo linachekesha. Sikumpelekea Eddah. Alikuwa usingizini saa yote, ule usingizi wa dawa, kinywa wazi. Nilimpaka mafuta midomoni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema.

Niliporudi kutoka hospitali jioni nilisimama mlangoni, nikakohoa. Mwikali hakuwepo. Nikaanza kama kawaida yetu. Paka, mwambie mama — Nikakwama. Paka yuko chini ya kitanda ananyonyesha. Nikajaribu tena. Paka, mwambie mama ya kwamba mwanawe —

Halafu nikaona aibu. Si aibu ya mkwe. Aibu nyingine.

Nikasogeza pazia kwa mkono wangu. Miaka ishirini na minne nimemuoa Eddah, sijapata kumtazama mama yake usoni kwa karibu vile. Wana macho yaleyale. Sikuwa najua! Nikapiga goti nisiwe juu yake. Nikasema, mama, Eddah hatapona. Si uvimbe. Tumekudanganya. Daktari aliniambia tangu Jumatatu, na Eddah anakutaka tangu Jumapili.

Hakulia. Aliweka ile kofia chini, akaweka na sindano juu yake.

"Tangu Jumapili," akasema.

Ndiyo, mama.

"Na leo ni Ijumaa."

Ndiyo.

"Na Ngowa alikuja kwa hilo."

Nikasema ndiyo, nilimngojea Ngowa. Niliona si heshima mimi kukwambia.

Akanitazama. Akasema, "Heshima gani hii, baba, ya kuninyima mwanangu?"

Ndipo akalia, na mimi nikalia, mimi nimepiga goti na yeye kaketi, hakuna aliyeweza kumshika mwenzake. Paka alitoka akatuangalia, akarudi ndani.

Alitaka tuondoke saa ileile. Wodi ilikwisha kufungwa. Nimepanga na wale wanaume wanne, kesho saa tisa wakitoka kazini, tumteremshe kwa kiti.

Sista, cha kushukuru leo ni kwamba nimesema. Nimechelewa, lakini nimesema.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi. Nina daftari kwa sababu lilikuwa mfukoni mwa overoli. Nisipoandika nitapiga kelele.

Sista Rosalia kapiga saa moja asubuhi. Msingoje saa ya kuona wagonjwa, Baba Faith. Njooni sasa. Mje na mama.

Wanaume wanne wote wamekwenda kazini. Nimegonga milango ya ghorofa zote, wanawake na watoto tu. Nikapiga simu kwa Dishon, yuko Jomvu, atachukua saa nzima. Nikasimama katikati ya chumba nazunguka kama kuku. Mama alikuwa ameshavaa, ameketi ukingoni mwa kitanda tangu alfajiri, kitambaa kichwani.

"Kwani wewe huna mgongo?" akasema.

Hakumwambia paka. Aliniambia mimi.

Nikasema mama, haiwezekani. Akasema kisichowezekana ni kile ulichokwisha kukifanya siku tano, kunificha mwanangu. Geuka, uiname.

Nikageuka, nikainama. Mwikali akamweka mgongoni kwangu, akatwaa leso mbili, akatufunga kama anavyofungwa mtoto, fundo kifuani pangu. Mikono ya Mama shingoni mwangu. Mama mkwe wangu! Nilihisi moyo wake unapiga kwenye bega langu. Nilitetemeka mwanzo, si kwa uzito.

Tulipotokea barazani kina mama wa ploti walikuwa wamejipanga kwenye ngazi. Nadhani walitoka kututazama. Lakini walipoona, mmoja mmoja akageuka akaelekea ukutani. Kuanzia ghorofa ya pili mpaka chini, migongo mitupu. Hakuna aliyetazama. Sitawasahau wale wanawake.

Kila ngazi Mama anaguna. Nyonga inamuuma, anauma meno. Katikati, palepale alipoteleza, akasema sikioni mwangu:

"Baba Faith. Unanuka chuma."

Nikasema ni kazi, mama.

"Marehemu mzee wangu alinuka beberu," akasema. "Miaka arubaini. Afadhali chuma."

Nilicheka! Sikutaka, kilinitoka tu, nikashika ukuta. Na yeye akacheka, nikasikia tumbo lake linatikisika mgongoni mwangu, na akilia hukohuko, shingo yangu ikalowa. Tulisimama pale ngazini kama wehu wawili. Kisha akanipiga bega, twende.

Tuktuk kutoka pale chini. Dereva kauliza, ni mzazi wako? Nikasema ndiyo.

Hapa hospitali hakuna kiti cha magurudumu, vyote vimetumika. Nimembeba tangu getini mpaka hapa. Ndani wamezungushia kitanda cha Eddah pazia, daktari yuko naye, tumeambiwa tungoje. Ni nusu saa sasa. Mama kaketi kando yangu, benchi moja, kaniegemea bega kwa sababu hawezi kukaa sawa. Fundo la leso bado liko kifuani pangu, sijalifungua.

Kaniuliza naandika nini. Nimemweleza habari ya Sista, na Eddah anavyosema niletee ya leo. Nimemwambia na ya paka. Kasikitika kidogo kwamba Eddah alikwisha kuijua. Kisha kasema ya ngazi ni yake, atamsimulia mwenyewe. Nisimnyang'anye. "Wewe ukipewa neno hulichelewesha," kasema.

Nimekubali. Ni yake.

Sasa anaipanga. Namsikia anainong'ona. Kaniuliza aanze na leso au aanze na beberu. Nikasema beberu. Kasema hapana, beberu mwishoni, ukianza na beberu hakuna cha kufuata. Kweli. Eddah angesema hivyohivyo.

Mlango umefunguliwa. Sista Rosalia. Hana haraka tena. Hashiki faili wala kitu, mikono mitupu. Kaniita kwa jina langu, Changawa, hajapata kuniita hivyo. Kasema niingie mimi kwanza. Peke yangu.

Sijasimama. Mama amenishika shati, hapa ubavuni, kalamu inatikisika pamoja naye. Namwambia, mama, Sista anataka niingie mimi kwanza. Hasikii. Anasema niinue, baba. Niinue.